Mkono Haujui Kwamba Tumehama

"Mdogo wangu, E iko wapi?"

Dada aliniuliza hivyo saa mbili asubuhi, steshenari ndiyo kwanza imefunguliwa. Mbele ya meza alisimama mwanafunzi mwenye kazi ya kuchapisha, nyuma yake wateja wengine wawili. Flashi ilikuwa imeshachomekwa. Miaka tisa yote ya biashara yake hapa Morogoro, flashi ya mteja ikiingia kwenye laptopu hujitokeza kama herufi E, chini ya C na D, na dada huifungua huku akiongea na mtu mwingine. Siku hiyo hapakuwa na E. Hata C haikuwepo.

Flashi yenyewe ilikuwepo, upande wa kushoto wa dirisha la mafaili, imeandikwa jina lake. Macho ya dada yaliipita mara tatu. Yalikuwa yanatafuta herufi.

Usiku uliotangulia tulikuwa tumeihamisha laptopu yake kutoka Windows 10 kwenda Linux Mint. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10, na tangu hapo matundu mapya ya usalama hayazibwi tena kwa kila mtu kama zamani. Windows 11 nayo inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 pamoja na prosesa ya miaka ya karibuni. Kwa upande wa Intel, karibu zote zinazokubalika zinaanzia kizazi cha 8. Ya dada ni kizazi cha 5. RAM yake ni GB 4, kioo hakina ufa, na kibodi imefutika herufi mbili tu. Sikuona kwa nini mashine nzima namna hiyo iende jalalani.

Mint imejengwa juu ya Ubuntu, mfumo endeshi uliotoka mara ya kwanza Oktoba 2004 chini ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina lake si geni kwetu: ubuntu ya Kizulu na Kixhosa ndiyo utu ya Kiswahili, mzizi mmoja wa Kibantu. Na chini kabisa ya vyote hivyo kuna kiini cha Linux, alichokianza Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki. Kiini hichohicho ndicho kinachoendesha simu za Android. Kwa maana hiyo dada alikuwa na Linux mfukoni miaka mingi, ila hakuna aliyewahi kumwambia.

Wiki ile ya kwanza alisema mara nyingi kwamba amezeeka, kwamba kichwa hakishiki tena. Nilimkatalia, na bado namkatalia. Mtu asiyewahi kugusa kompyuta angeiona flashi ile mara moja, kwa sababu hana E kichwani. Dada alikwama kwa sababu anajua, na anachokijua kimekaa mahali ambapo maneno hayafiki.

Mahali hapo panajulikana. Mwaka 1953 kijana wa Marekani, Henry Molaison, alipasuliwa ubongo ili kutibu kifafa kikali. Kifafa kilipungua, lakini tangu siku hiyo hakuweza kuhifadhi kumbukumbu mpya: mtu aliyezungumza naye akitoka nje na kurudi, alimwona mgeni. Mwanasaikolojia Brenda Milner wa Montreal alimpa kazi ya kuchora nyota kwa kufuata mistari yake huku akiutazama mkono wake kwenye kioo tu. Ni kazi ngumu, kwani kioo hugeuza mwelekeo na mkono huenda kombo. Henry aliirudia kwa siku tatu, na kila siku makosa yalipungua, ingawa hakukumbuka kuwa amewahi kuiona karatasi hiyo. Ikabainika kwamba ubongo una zaidi ya ghala moja. Kuna ghala la mambo tunayoweza kuyasimulia, na kuna ghala la mambo ambayo mkono unayafanya wenyewe.

Uchapaji wa dada uko katika ghala hilo la pili, na ndilo linalomlisha: ana kasi kwa sababu hafikirii. Lakini ghala hilo halisikii habari. Unaweza kumweleza mtu kwa dakika tano kwamba tumehama, akaelewa na kukubali, na dakika ya sita mkono ukaenda kulekule kwa zamani.

Kwa hiyo niliacha kumwambia "bofya hapa, kisha hapa". Hatua mpya zilizowekwa juu ya hatua za zamani hugombana nazo. Nikaanza kumweleza kwa nini.

Tukaanza na E. Kompyuta ndogo za mwanzo hazikuwa na diski ya ndani. Zilikuwa na nafasi za kuingizia diski laini, moja ikiitwa A, ya pili B. Diski ya ndani ilipokuja ikachukua C, na chochote kilichofuata kikapewa herufi inayofuata. A na B zimeshatoweka, C imebaki. Unix, ambayo Linux iliundwa kwa kuifuata, ilianza mwaka 1969 katika maabara za Bell, Marekani, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie, nao walipanga mambo kwa namna nyingine. Kuna mti mmoja tu, wenye mzizi ulioandikwa kwa mkwaju: /. Kila kitu ni tawi la mti huo. Mafaili ya dada yako ndani ya /home, kwenye folda yenye jina lake. Flashi ya mteja ikichomekwa hupachikwa kwenye tawi la /media, na ikitolewa tawi hilo hubanduliwa. Windows ni kama mtaa wa nyumba nyingi, kila moja na namba yake. Huku ni nyumba moja yenye vyumba, na mgeni akija anapewa chumba.

"Sasa mbona hukusema hivyo tangu jana?" dada aliniuliza. Alikuwa na haki.

Tukapita haraka kwenye mengine. Kadi.odt na kadi.odt ni mafaili mawili tofauti, maana kwa kompyuta K ni namba 75 na k ni namba 107, na Linux haizichanganyi. Faili la .exe analoleta mteja halisakinishwi hapa; programu zinachukuliwa kwenye ghala la mfumo wenyewe, kama tunavyofanya kwenye simu.

Palipotuumiza ni kwenye kuchomoa. Wiki ya pili mama mmoja alikuja kuchukua video ya mahafali ya mwanawe, karibu MB 700. Mstari wa kunakili ulifika mwisho, dada akachomoa flashi, akampa. Jioni yule mama alirudi: video haifunguki. Dada alimwekea upya bila malipo, lakini alikuwa ameumia, kwa sababu sifa ya steshenari ni mteja kufika nyumbani na kazi yake nzima.

Kilichotokea ni hiki. Ukinakili faili kwenda kwenye flashi, Linux huipokea kwanza kwenye RAM, ambayo ina kasi, halafu huimwaga taratibu kwenye flashi, ambayo haina kasi hiyo. Skrini inaweza kuonyesha kwamba kazi imekwisha ilhali sehemu ya video bado iko njiani. Windows 10, tangu toleo la 1809 la mwaka 2018, ilikuja imepangwa kutochelewesha uandishi huo kwenye flashi, ili mtu aweze kuchomoa kazi ikiisha. Ndiyo maana mkono wa dada ulikuwa na desturi ambayo haikuwa imemletea balaa. Hapa kuna alama ndogo ya pembetatu pembeni mwa jina la flashi. Ukiibofya, mfumo unamalizia kumwaga kilichobaki, kisha unakwambia sasa toa.

Alama hiyo ukiielekezea kipanya huandika neno la Kiingereza ambalo dada halitumii popote maishani. Akalipa jina lake: kuiaga. "Flashi haiondoki bila kuagwa." Nimekaa nikilifikiria neno hilo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Natamani kazi ya namna ile ingekuwa kwenye kila kaunta ya steshenari leo. Jambo jipya hushika upesi likiwa na jina ambalo mdomo umelizoea. Tangu dada aliite kuiaga, hakusahau tena.

Flashi hizohizo zilimpa pia siku yake nzuri. Binti mmoja wa chuo alikuja akilia: ripoti yake ya fildi imepotea, folda zote zimegeuka njia za mkato. Ni kirusi cha kawaida cha flashi. Huzificha folda za kweli kwa kuziwekea alama ya "fichwa" ya Windows, kisha huweka vijifaili vyenye majina yaleyale; ukivibofya unakiwasha. Lakini Linux ina kanuni yake ya kuficha: jina lililoanza na nukta ndilo halionekani. Alama ile ya Windows haiijali. Dada alipoifungua flashi, folda zilikuwa zimetulia mahali pake, ripoti ndani. Aliinakili, akamwonya binti kwamba kirusi chenyewe bado kimo humo na kitaamka kwenye mashine nyingine asipoisafisha.

Hatukuifuta Windows yote. Tuliiachia nusu ya diski, bila intaneti, kwa ajili ya programu ya kadi za harusi aliyoizoea. Siku moja aliiwasha saa tatu asubuhi, ikamwonyesha saa kumi na mbili. Akadhani betri imekufa. Betri ilikuwa nzima. Ndani ya kompyuta kuna saa ndogo isiyolala. Linux huiwekea saa ya dunia, UTC, halafu huongeza tatu kwa ajili ya Afrika Mashariki. Windows huisoma ileile kama ilivyo, ikiamini ni saa ya hapa.

Nilikuwa najiandaa kumchorea mchoro. "Ni kama saa yetu na saa ya Kizungu," akasema. "Mshale mmoja, hesabu mbili."

Amri moja, timedatectl set-local-rtc 1, ilizipatanisha. Aliichapa mwenyewe, herufi kwa herufi.

Juzi nilipita pale kununua bahasha. Foleni ilikuwa ndefu, dada anapokea pesa kwa mkono mmoja. Mvulana wa sekondari alikuwa ameshainama pembeni mwa laptopu, vidole vikiwa kwenye flashi yake, lakini havivuti.

"Dada," aliuliza, "umeshaiaga?"