Mtoto Alale Bwenini au Nyumbani?

Kila mwaka, Januari inapokaribia, baba na mama katika nyumba nyingi za Mwala, Machakos, hushindana juu ya jambo moja: je, mtoto mdogo apelekwe shule ya bweni, au alale kwao na kwenda shule kwa miguu? Hivi ndivyo ilivyokuwa katika nyumba moja, ambamo mtoto alikuwa mvulana wa miaka 10.

Baba alikwisha kuleta fomu. “Mama watoto,” alisema, “mimi nilisoma bwenini, na ndiyo sababu leo nina kazi. Huyu akitoka shule huenda kuchunga mbuzi, kisha huenda mtoni na punda kuteka maji. Akishika kitabu, usingizi umekwisha kumshika yeye. Bwenini ana taa, ana saa ya kusoma, na mwalimu yu karibu.”

Mama akajibu, “Baba watoto, wewe ulikwenda bwenini ukiwa kijana mwenye ndevu. Huyu bado huniita usiku akiota ndoto mbaya. Tena mimi sijaisahau Kyanguli.”

Jina hilo wazazi wa Machakos wanalijua sana. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi 2001, bweni la Shule ya Sekondari ya Kyanguli liliteketea kwa moto, wakafa wavulana 67. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na vyuma.

Baba alisema hayo ni mambo ya zamani. Mama akamkumbusha usiku wa tarehe 5 Septemba 2024, bweni la shule ya msingi ya Hillside Endarasha, huko Nyeri, lilipowaka moto na kuua wavulana 21, nao walikuwa watoto wadogo. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule, Wizara ya Elimu ilizizuia shule za msingi zaidi ya 300 zisilaze watoto, kwa kuwa hazikutimiza kanuni.

Baba alinyamaza kidogo, lakini hakushindwa. Alisema kwamba maelfu ya watoto hulala mabwenini kila usiku na kuamka salama, na kwamba wakubwa wengi wa nchi hii walilelewa humo. Hilo nalo ni kweli. Basi kila mmoja alikuwa na haki yake, na fomu ikakaa mezani siku tatu bila kutiwa sahihi.

Siku ya nne mama alisema, “Twende tukaone.”

Kanuni za usalama shuleni, zilizotolewa na Wizara mwaka 2008, si siri. Vitanda viachane kwa mita 1.2 au zaidi, na njia ya kupita katikati isipungue mita 2. Milango ifunguke kwa nje, wala isifungwe kwa nje watoto wakiwa ndani. Madirisha yasiwe na vyuma. Mzazi yeyote anaweza kuyakagua hayo kwa macho yake.

Mama alipima kamba dukani, akaifunga fundo penye mita 1.2, akaitia mkobani. Walipofika shuleni waliomba kuliona bweni. Baba alikuwa wa kwanza kuingia. Alitikisa vyuma vya dirisha kwa mikono miwili, navyo havikutikisika. Mama alilaza kamba yake kati ya vitanda viwili, na nusu yake ikabaki juu ya godoro. Hakusema neno. Baba aliikunja fomu akairudisha mfukoni.

Lakini neno la baba juu ya masomo halikutupwa. Mama alikubali kwamba mtoto asiende tena mtoni siku za shule, na kazi ile ikawa ya baba mwenyewe. Kila jioni, taa ikiwashwa, mtoto husoma saa nzima, na baba huketi karibu naye.

Wazazi wenye fomu mezani wasiulizane tu nani kati yao ana haki. Waende wote wawili wakalione bweni, tena wachukue kamba. Wakiridhika, na watie sahihi. Wasiporidhika, wajue kwamba mtoto aliyebaki nyumbani naye anahitaji taa, nafasi ya kusoma, na mtu wa kuketi naye.