KUFUNGA MZIGO JUU YA MOTOKAA

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Januari iliyopita mjomba wangu alinirudisha shuleni kwa motokaa yake. Sanduku langu la bati liliingia ndani, lakini godoro halikupata nafasi, basi tukaliweka juu ya keria. Mjomba alipitisha kamba moja katikati, akaifunga kwa mafundo matatu makubwa, akalipiga godoro kofi na kusema, "Haliendi popote hili." Nami niliamini.

Tulipotoka Korogwe na kushika njia ya Segera, mwendo ukiwa kilomita 80 kwa saa, tulisikia mvumo juu ya vichwa vyetu, kisha kishindo. Godoro liliinuka upande wa mbele, likachomoka katika kamba, likaruka. Lilianguka mbele ya mzee mmoja ambaye tulikuwa tumekwisha kumpita, amepanda baiskeli na mjukuu wake amekaa nyuma. Mzee alikata usukani, wote wawili wakaanguka majanini. Kwa rehema ya Mungu hawakupata ila michubuko. Tulikimbia kuwaomba radhi. Mzee alijipangusa vumbi, akamtazama mjomba, akasema, "Bwana, godoro halina macho. Macho unayo wewe."

Maneno hayo yalinikaa moyoni. Utingo wa lori lililosimama nyuma yetu alitufungia godoro upya, nami nikatazama kila alichofanya. Tangu siku ile nimeuliza, nimejaribu na nimepiga hesabu. Nawaandikia wenzangu, walimu na wazazi, kwa kuwa siku ya kufunga shule i karibu.

Kwanza yafaa tumjue adui wetu. Watu wengi hudhani kwamba kitu chepesi hakina hatari. Kumbe kitu chepesi na kipana ni kama tanga la jahazi. Mwendo wa gari ukizidi mara mbili, nguvu ya upepo huzidi mara nne. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, upepo husukuma kila mita mraba moja inayoukabili kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 7 na nusu hivi. Kwa kilomita 80, nguvu hiyo hufika kilo 30. Godoro la futi 3 kwa 6 lina zaidi ya mita mraba moja na nusu. Basi likisha kusimama juu ya gari husukumwa kwa nguvu ya karibu kilo 50, na hali lenyewe halifiki kilo 10! Kamba moja ya katikati haizuii jambo hili. Huwa kama bawaba ya mlango, na upepo ndio mkono unaofungua.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kufunga kamba mbili za kukingama, moja karibu na mwisho wa mbele, nyingine karibu na mwisho wa nyuma. Kila moja ifungwe kwenye vyuma vya keria yenyewe. Na kabla ya hapo, tikisa keria uone kama imeshika. Mzigo uliofungwa vizuri juu ya keria iliyolegea utaruka pamoja na keria.

Jambo la pili, mzigo mrefu ufungwe pia ncha zake, ya mbele ishushwe hadi kwenye ndoano ya kuvutia gari chini ya bampa, na ya nyuma vivyo hivyo. Hivyo ndivyo wafanyavyo baadhi ya watu wanaobeba juu ya motokaa mbao za kutelezea mawimbi, ambazo nazo ni nyepesi na ndefu. Wakitumia mikanda bapa huisokota mara moja, ili upepo usiitetemeshe na kuivumisha.

Jambo la tatu ni fundo. Utingo hakufunga mafundo makubwa. Alifanya kitanzi katikati ya kamba, akapitisha ncha chini ya chuma cha keria, akairudisha ndani ya kitanzi, akavuta kuelekea chini. Kitanzi hufanya kazi ya kapi, na kamba hukaza kuliko nguvu ya mkono mtupu. Kisha alimalizia kwa mafundo mawili madogo. Fundo kubwa juu ya kamba iliyolegea halina faida.

Jambo la nne ni kamba yenyewe. Kamba ya katani ikilowa hufupika, na ikikauka hulegea. Ya nailoni ikilowa hurefuka. Vipande vya mpira wa ndani wa tairi huvutika, basi visitumiwe peke yake. Kamba iliyochakaa itupwe.

Jambo la tano, vitu vizito viwekwe ndani ya gari, kwa maana uzito ulio juu huliyumbisha kwenye kona. Kila motokaa ina kipimo chake cha mzigo wa juu, nacho huandikwa katika kitabu chake. Mzigo ukitokeza nyuma, ufungiwe kitambaa chekundu.

La mwisho, baada ya kilomita chache simama, shuka, vuta kila kamba kwa mkono. Mzigo hujipanga upya njiani, na kamba iliyokuwa imekaza nyumbani huwa imelegea. Mvua ikinyesha, simama tena.

Kazi yote hii haizidi dakika 15. Siku hizi mjomba hushika upande mmoja wa kamba nami upande wa pili, wala hapigi tena godoro kofi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Yule ajaye nyuma yako barabarani hakukuona ulipokuwa ukifunga, lakini maisha yake yamo katika fundo lako.