Buku moja, mechi 10: odi za kubeti zinavyofanya kazi, kwa hesabu ya mkulima wa korosho

Jumamosi mchana, vijiwe vya bodaboda Masasi mjini huwa na stori mbili kubwa: bei ya mnada na mkeka wa leo. Ukipanda Newala, juu ya uwanda wa Makonde, stori ni hizo hizo. Simu inapita mkono kwa mkono. Mtu kapanga mechi 10, kaweka buku moja, na kioo kinamwambia akishinda atapata zaidi ya shilingi 57,000.

Msimu nao unachangia. Minada ya korosho huanza Oktoba, wakati Ligi Kuu ya Tanzania Bara na ligi za Ulaya zimepamba moto. Hela ya mazao inaingia, na mechi zipo karibu kila siku.

Wengi wanaobeti wanajua nani kaumia Arsenal na nani kasajiliwa Yanga. Wanachokijua wachache ni maana ya ile namba ndogo iliyokaa pembeni ya jina la timu, yaani odi. Na kwenye namba hiyo ndiko kampuni inakopatia faida yake, hata kabla mpira haujaanza.

Odi ni bei

Odi inaeleza mambo mawili. La kwanza ni malipo. Odi ikiwa 2.00, dau la shilingi 1,000 likishinda linarudi 2,000. Humo ndani mna ile 1,000 ya mwenyewe, kwa hiyo faida ni 1,000 tu. Odi ya 1.50 inarudisha 1,500, faida 500. Kanuni ni moja: dau mara odi.

La pili ni nafasi ya jambo hilo kutokea. Ukigawanya 100 kwa odi, unapata asilimia iliyofichwa ndani ya bei. Odi ya 2.00 ni sawa na kusema asilimia 50. Odi ya 4.00 ni asilimia 25. Odi ya 1.25 ni asilimia 80.

Ndiyo maana timu kubwa ikicheza nyumbani hupewa odi ndogo, na timu inayotegemewa kufungwa hupewa kubwa. Odi kubwa si zawadi. Ni kampuni inasema jambo hilo ni gumu kutokea.

Odi pia hupanda na kushuka. Mshambuliaji akiumia, kocha akipumzisha kikosi, au watu wengi wakimwaga hela upande mmoja, kampuni hurekebisha namba. Ukishaweka beti ya kawaida, odi uliyoikuta wakati huo ndiyo unayolipwa.

Makato yasiyoandikwa

Mkulima wa Newala anaijua tofauti kati ya bei ya mnadani na hela inayomfikia. Katikati kuna ushuru wa halmashauri, chama cha msingi, chama kikuu na gharama za ghala. Watu hulalamikia makato hayo kila msimu, lakini angalau hutajwa, na mtu anaweza kuuliza.

Kwenye kubeti makato yapo pia, ila yamewekwa ndani ya odi.

Chukua mfano wa mechi ya Namungo nyumbani Ruangwa. Tuseme kampuni imeweka hivi: Namungo kushinda 2.00, sare 3.00, mgeni kushinda 4.00. Geuza kuwa asilimia: 50, 33.3 na 25. Jumla ni 108.3.

Matokeo yote ya mechi moja hayawezi kuzidi asilimia 100. Ile 8.3 ya ziada ndiyo chumvi ya kampuni.

Kwa asiyependa asilimia, kuna njia ya kuona kwa shilingi. Mtu aweke beti zote tatu kwenye mechi hiyo: 6,000 kwa Namungo, 4,000 kwa sare, 3,000 kwa mgeni. Jumla katoa 13,000. Namungo akishinda, analipwa 12,000. Ikiwa sare, 12,000. Mgeni akishinda, 12,000.

Yaani kapatia kila kitu, na bado kapoteza 1,000. Hayo ndiyo makato.

Ukubwa wa makato hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, na kati ya beti na beti. Mechi kubwa zenye wateja wengi mara nyingi zina makato madogo, na zile beti za madoido zina makubwa zaidi. Ndiyo maana anayejali hela yake hulinganisha odi. Dau la 10,000 kwa odi ya 2.10 linarudisha 21,000, na kwa odi ya 2.00 linarudisha 20,000. Mechi ile ile, tofauti ya 1,000.

Beti zinazopatikana sana

Mshindi wa mechi. Hii huandikwa 1, X na 2. 1 ni mwenyeji, X ni sare, 2 ni mgeni. Kwa kawaida huhesabiwa dakika 90 pamoja na zile za nyongeza za majeruhi. Muda wa ziada na penalti havimo. Wengi wamelia kwenye mechi za kombe kwa kutojua hilo: timu imevuka kwa penalti, lakini beti ya ushindi imechanika, kwa sababu dakika 90 ziliisha sare.

Nafasi mbili. Unachagua matokeo mawili kati ya matatu. 1X ni mwenyeji ashinde au itoke sare, X2 ni mgeni ashinde au sare, 12 ni yeyote ashinde ila isiwe sare. Nafasi inaongezeka, na odi inashuka.

Idadi ya mabao. Zaidi ya 2.5 maana yake yafungwe mabao matatu au zaidi. Chini ya 2.5 ni mabao mawili kushuka chini. Ile nusu ipo ili pasiwe na ubishi, kwa sababu hakuna nusu bao.

Timu zote kufunga. Huandikwa GG. Kila timu ipate angalau bao moja, haijalishi nani kashinda.

Hendikapu. Timu kubwa inaanza mechi ikiwa na deni. Ikipewa -1.5, lazima ishinde kwa tofauti ya mabao mawili au zaidi ndipo beti itiki. Ushindi wa 1-0 hautoshi.

Matokeo kamili. Unataja 2-1 au 0-0. Odi hapa ni kubwa na zinavutia macho, lakini bao moja la dakika ya mwisho linatosha kuharibu kila kitu.

Beti za mubashara. Hizi zinawekwa mpira ukiendelea, na odi zinabadilika kila sekunde. Kampuni inapokea taarifa za uwanjani haraka kuliko picha inayofika kwenye televisheni ya kibandani. Anayebeti kwa kuangalia kioo anakuwa nyuma.

Michezo ya kompyuta. Hapa hakuna Simba wala Yanga. Mechi za kuchorwa, mbio za farasi za kwenye kioo na vile vindege vinavyopaa vinaendeshwa na programu inayotoa matokeo kwa bahati. Ujuzi wa mpira hausaidii chochote, na kwa vile raundi moja huisha haraka sana, hela nayo huisha haraka.

Mkeka unavyozidisha makato

Mkeka ni beti ya mechi nyingi kwenye tiketi moja. Odi zinazidishwa, na mechi zote lazima zitiki. Moja ikikosa, mkeka wote umechanika. Mechi ikiahirishwa au kufutwa, kampuni nyingi huihesabu kwa odi ya 1.00, na mkeka unaendelea na zilizobaki.

Turudi kwenye ile simu ya kijiweni. Mechi 10, kila moja odi ya 1.50. Ukizidisha 1.50 mara kumi unapata 57.66, ndiyo maana buku moja inasomeka zaidi ya 57,000. Zinaonekana mechi za kawaida, timu kubwa zote ziko nyumbani.

Sasa hesabu ya upande wa pili. Kama makato ni yale ya mfano wa Ruangwa, kila timu kati ya hizo ina nafasi ya kweli ya asilimia 61 na ushee. Zote kumi kushinda kwa pamoja ni jambo linalotokea takribani mara moja katika mikeka 128.

Kwa hiyo kwa wastani anayeweka buku buku atatumia shilingi 128,000 ili apate mkeka mmoja wa 57,665. Wengine watawahi mapema, wengine watapita mikeka 300 bila kuona kitu. Lakini ukiwakusanya wote, hela inaelekea upande mmoja.

Sababu ni kwamba makato yanazidishwa pamoja na odi. Kwa beti ya mechi moja kwenye mfano huu, kila shilingi 1,000 hurudisha kwa wastani 923. Kwa mkeka wa mechi tano, 670. Kwa mechi 10, 449.

Hapo ndipo inaeleweka kwa nini kampuni hutangaza bonasi kwa mikeka mirefu. Mteja anaongezewa kidogo pale juu ya tiketi ambayo tayari imekatwa zaidi ya nusu.

Kwa lugha ya ghalani: anayeweka buku kila siku kwenye mikeka ya aina hiyo anatoa 365,000 kwa mwaka. Kwa wastani hupoteza kama 201,000. Korosho ikiwa shilingi 3,000 kwa kilo, hizo ni kilo 67. Na hiyo ni buku. Wapo wanaoweka 10,000.

Vipi wanaoujua mpira?

Ujuzi upo. Mtu anayefuatilia ligi ya hapa nyumbani anaweza kujua mambo ya timu ambayo hayajaingia kwenye odi. Lakini kupatia mara nyingi hakutoshi. Anayebeti odi za 1.50 lazima apatie zaidi ya mechi mbili katika kila tatu ndipo aanze kupata faida, tena bila kuhesabu kodi. Akipatia sita katika kumi atajiona mkali, na hela yake bado itapungua.

Njia ya kujipima ni daftari. Kila dau na kila malipo viandikwe kwa miezi mitatu. Kichwa hukumbuka siku mkeka ulipotiki na kusahau siku 40 ulipochanika.

Jihadhari na wauza mechi

Kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram wamejaa wanaouza mechi za uhakika. Ujanja wao ni mwepesi. Mtu anatuma utabiri kwa watu 800: nusu anawaambia timu A itashinda, nusu timu B. Waliopata utabiri sahihi, 400, anawagawa tena kwenye mechi ya pili, kisha 200 waliobaki kwenye ya tatu. Mwisho wanabaki watu 100 walioona akipatia mara tatu mfululizo. Hao ndio anaowauzia ya nne.

Kama angekuwa na mechi ya uhakika kweli, angeiwekea hela yake mwenyewe akakaa kimya.

Sheria inasemaje

Kubeti Tanzania ni halali kwa kampuni yenye leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, chini ya Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi. Kumsajili mdogo kwa laini ya kaka yake hakubadilishi sheria hiyo.

Ushindi hukatwa kodi, na kampuni huipeleka TRA. Kiwango kimebadilishwa mara kadhaa kupitia bajeti za serikali, hivyo ni vizuri kusoma masharti ya kampuni kabla ya kuhesabu faida. Tovuti isiyo na leseni ni hatari zaidi: ikigoma kulipa, mteja hana pa kushtaki.

Pale hela inapovuka mstari

Hatari kubwa si ile buku ya Jumamosi. Ni kurudishia. Mtu kaliwa 5,000, anaweka 10,000 airudishe, kisha 20,000. Odi hazijui kwamba ameliwa mara tano. Mechi ya sita ina makato yale yale.

Huku kusini njia hiyo ina mwisho unaojulikana. Hela ya salfa inapungua, ada ya mtoto inakopwa, na korosho ambazo bado ziko juu ya mti zinauzwa kwa kangomba kwa bei ya kutupa, wakati Oktoba 2024 minada ya kwanza ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo.

Anayeamua kubeti afanye kama anavyolipia kiingilio cha uwanjani: kiasi kinachojulikana, kimetengwa kabla, na kikiisha kimeisha. Hela ya shamba ikae kwenye laini nyingine au benki, mbali na akaunti ya kubeti. Kampuni nyingi pia zina sehemu ya kuweka kikomo cha dau au kujifungia akaunti, na kuomba hivyo si aibu.

Na kabla ya kubonyeza kuthibitisha, kikokotoo cha simu kipo. Gawanya 100 kwa kila odi ya mechi, jumlisha, tazama imezidi 100 kwa kiasi gani. Hayo ndiyo makato ya mechi moja. Mkeka wa mechi 10 unayalipa mara kumi.