Rauta Dirishani, Wewe Kitandani

Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, msafiri wa Lindi aliyefika Ikwiriri jioni hakuwa na hakika ya kuvuka Rufiji siku hiyo. Mbele yake kulikuwa na kivuko cha Ndundu na foleni yake. Siku hizi basi linapita moja kwa moja, na anayelala Ikwiriri ana shughuli papo hapo: mnunuzi wa ufuta, mkaguzi wa mradi, mtafiti wa afya. Ana kompyuta begani na ripoti inayosubiriwa Dar es Salaam asubuhi. Akifika mapokezi ya gesti anauliza kama kuna Wi-Fi, naye huijua sauti ya "ipo" yenye kusitasita.

Ndipo rauta ya mfukoni inapotoka begani. Kazi yake ni ukalimani: upande mmoja inaongea na mnara kwa laini ya simu, upande wa pili inaongea na kompyuta kwa Wi-Fi. Safari hizo mbili hazilingani. Mnara unaweza kuwa kilomita kadhaa, kitanda kiko hatua tatu. Wengi huiweka mezani, ubavuni mwa kompyuta, wakaihudumia safari fupi ambayo haikuwa na shida. Vijistari vya Wi-Fi vinajaa pomoni, ukurasa haufunguki.

Paa la bati huyarudisha mawimbi, ukuta wa tofali za saruji huyadhoofisha. Kwa hiyo weka rauta dirishani, upande wa mnara. Hujui mnara uko upande gani? Fungua ukurasa wa mipangilio ya rauta (nyingi hutumia 192.168.8.1 au 192.168.0.1) utafute namba iitwayo RSRP, yaani nguvu ya mawimbi ya mnara yanayoifikia rauta. Huandikwa kwa hasi: -85 ni nzuri, -115 ni ya kuombea dua. Zungusha rauta chumbani, kila mahali ukisubiri nusu dakika. Ukitoka -110 ukafika -100, umepata nguvu mara kumi bila kulipa senti. Rauta nyingine hukuruhusu kuchagua masafa. Ya 700 na 800 MHz hufika mbali na kupenya kuta kuliko ya 1800.

Mengine yamalizwe nyumbani kabla ya safari. Ondoa namba ya siri ya laini ukiwa umeiweka kwenye simu. Badilisha nywila ya kuingilia mipangilio, maana ile ya "admin" hata watoto wanaijua, kisha chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3. Rauta nyingi za aina hii hutumia volti 5, hivyo pawabenki inatosha umeme ukikatika.

Linaloumiza zaidi ni bando. Kompyuta ikiona Wi-Fi hudhani imefika kisimani, ikaanza kupakua masasisho yake yote usiku kucha. Bando langu la wiki liliwahi kuisha kabla ya adhana ya alfajiri. Iambie kompyuta kwenye mipangilio yake kwamba mtandao huo hulipiwa kwa kipimo.

Na ukilala kwenye hoteli yenye Wi-Fi ya vocha moja kwa kifaa kimoja? Rauta inayoweza kujiunga na Wi-Fi nyingine huonekana kwa hoteli kama kifaa kimoja tu. Jaza vocha mara moja, simu na kompyuta zote zinapita nyuma yake. Ukurasa wa vocha ukigoma kufunguka, huenda anwani zimegongana: hoteli na rauta yako zote zinatumia 192.168.8, kama nyumba mbili za namba moja mtaa mmoja. Ifanye yako 192.168.77.1.

Laini ya akiba ya kampuni nyingine ni busara, ila ina mipaka. Jumapili ya 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu chini ya bahari, intaneti iliyumba nchi nzima. Dirishani kuliweza kusomeka -85 safi kabisa, na barua pepe isiende popote.