Ng'ombe mnene akizaa, hatari iko kwenye ini

Ng'ombe wa maziwa aliyekaribia kuzaa akiwa amenona, mgongo umejaa na shina la mkia limezama kwenye mafuta, humpa mfugaji sifa mbele ya majirani. Wiki mbili baada ya kuzaa, ng'ombe huyohuyo anakataa pumba, anakonda, maziwa yanashuka na pumzi yake inanuka utamutamu kama dawa ya kufutia rangi ya kucha. Wengine hukimbilia dawa ya minyoo. Fedha hiyo hupotea bure, kwani tatizo ni usafirishaji wa mafuta mwilini.

Ng'ombe anayekamuliwa lita 20 kwa siku hutoa karibu kilo moja ya sukari ya maziwa. Siku za mwanzo hawezi kula kiasi cha kufidia, hivyo mwili huyeyusha akiba yake ya mafuta. Mafuta hayachanganyiki na maji, kwa hiyo hubebwa kwenye damu na protini iitwayo albumini hadi kwenye ini.

Hapo mengine huchomwa. Protini maalumu huyavusha, yakiwa yameshikizwa kwenye karnitini, hadi ndani ya vyumba vya seli vinavyozalisha nguvu. Yakizidi huku sukari ikiwa haba, hugeuka ketoni, na ndiyo harufu ile. Mengine yangepaswa kurudi kwenye damu yakiwa yamefungashwa kwa apolipoprotini B. Lakini kwa wanyama wanaocheua njia hiyo ni nyembamba mno: shehena ya malori kumi, lori la kuitoa moja. Yanayobaki hurundikana kwenye ini.

Kinga huanza mapema. Kwa kipimo cha unene cha 1 hadi 5, ng'ombe azae akiwa kati ya 3 na 3.5. Asinoneshwe akiwa amekaushwa, wala asikondeshwe ghafla, kwani njaa nayo huyeyusha mafuta.

Akishaugua, aitwe daktari wa mifugo. Tiba ya kawaida ni propilini glaikoli, takriban mililita 300 kwa siku, siku tatu hadi tano, akinyweshwa taratibu isije ikaingia kwenye mapafu.

Kolini nayo husaidia ini kufungasha mafuta, ila mnunuzi awe macho. Ya kawaida huharibiwa na vijidudu vya tumbo la kwanza. Inayofika kwenye utumbo ni ile iliyofunikwa kwa ajili ya wanyama wanaocheua.