Pawa inazimika katikati ya kazi: tafuta ugonjwa kabla ya kununua dawa



Mwezi huu tunaongea juu ya mashine ambayo wengine wanaiita pawa, wengine chenso, na wale waliotoka upande wa Kongo wanasema tronsonezi. Ni msumeno wa injini. Hapa Nakivale si nyumba nyingi zenye mashine hiyo, lakini ziko nyumba zinazokula kwa sababu yake: kijana anayekwenda kuangusha mikaratusi ya wenyeji huko Isingiro au karibu na Mbarara, mwenzake anayebeba mbao, mama anayenunua matawi na kuyauza kuni. Mashine ikisimama, wote hao wanakaa.

Na mara nyingi mashine si ya yule anayeishika. Ameikodi. Ikizimika-zimika siku nzima, jioni mwenye mashine anadai pesa yake ya siku, mwenye shamba anasema miti haijaisha, na kijana anarudi nyumbani mikono mitupu. Ubaya zaidi ni pistoni ikiungua. Hapo maneno yanakuwa mengine, kwa sababu deni halikai na kijana peke yake, linaingia mpaka kwenye posho ya watoto.

“Inazimikaka tu.” Hivyo ndivyo watu wanavyomwambia fundi, na fundi asiye mwaminifu anafurahi sana kusikia hivyo, maana sasa anaweza kukuuzia kitu chochote. Kwa hiyo swali la kwanza si “nibadilishe nini?” Swali ni hili: inazimika WAKATI GANI? Ukiachia mafuta? Ukipiga resi? Ikishaingia ndani ya mti? Baada ya dakika kumi au kumi na tano? Ukiilaza ubavu? Kila jibu lina njia yake.

Anza na petroli

Msipuuze jambo hili. Petroli ya kwenye chupa za barabarani inaweza kuwa na maji au uchafu, na hata ile nzuri ikikaa imechanganywa na oili zaidi ya mwezi mmoja inapoteza nguvu. Mimina kidogo kwenye chupa safi inayoonyesha ndani, uiache kivulini itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, yatakaa chini na utaona mstari. Ukiona mstari huo, mwaga tangi lote na usafishe, usiongezee mafuta mapya juu.

Kisha kipimo. Hii ni injini ya mipigo miwili, haina oili yake ndani kama boda. Oili yake inakuja pamoja na petroli. Kampuni ya Stihl, ambayo pawa zake ziko nyingi huku kwetu (na za kuiga pia ziko nyingi), inasema 1 kwa 50 kwa oili yao wenyewe, maana yake mililita 20 kwa lita moja, au 100 kwa kidumu cha lita tano. Kwa oili nyingine ya mipigo miwili wanasema 1 kwa 25, yaani mililita 40 kwa lita, 200 kwa kidumu cha lita tano. Oili ya boda haifai hapa. Usipime kwa kifuniko cha soda wala kwa macho. Nunua bomba la sindano la mililita 20 kwenye duka la dawa, bila sindano yenyewe, liwe la kazi hiyo tu, na liwekwe mbali na watoto. Oili ikizidi, buji inachafuka na mashine inazimika. Oili ikipungua, mashine itapiga kelele nzuri kabisa, halafu pistoni itaganda.

Inazimika ukiachia mafuta

Hii ndiyo nyepesi. Inaunguruma vizuri ukibana, lakini ukiachia inakufa. Kwanza safisha filta ya hewa. Wakati wa kiangazi hapa kwetu vumbi ni jekundu na jepesi, linaingia kila mahali, na ukichanganya na unga wa mbao, filta inaziba siku hiyo hiyo. Ipukute au ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kama ni ya aina ya kuoshwa, ikauke kabisa ndipo uirudishe. Kamwe usifanye kazi bila filta ati kwa sababu “inapumua vizuri”. Lile vumbi linakula silinda.

Kama filta ni safi, iko skrubu moja ya muungurumo wa chini, kwa kawaida ina alama ya LA au T. Izungushe kidogo kidogo kwa upande wa saa mpaka injini isimame peke yake bila kuzimika. Mnyororo ukianza kuzunguka wakati hujabana mafuta, umepita. Rudisha nyuma mpaka usimame. Mnyororo unaozunguka wenyewe umekata watu miguu.

Skrubu ya H iacheni. Wengi wanapenda kuikaza kwa sababu mashine inalia kwa ukali na inaonekana ina nguvu. Ule ukali ni njaa: petroli ni kidogo, na oili pia ni kidogo kwa sababu zinakuja pamoja.

Inazimika ukipiga resi, au ikiingia ndani ya mti

Kabla ya kulaumu injini, angalia mnyororo. Injini nzima inaweza kuzimika kwa kubebeshwa mzigo usio wake. Breki ya mnyororo imeachia yote? Mashine ikiwa imezimwa na umevaa glavu, vuta mnyororo kwa mkono: unatakiwa kuzunguka kwenye upanga bila kushindana nawe. Kama umekazwa sana, legeza. Na kama uliukaza ukiwa wa moto, ulegeze ukimaliza kazi, kwa sababu ukipoa unajikunja na kubana.

Angalia pia kinachotoka kwenye mti. Msumeno wenye makali unatoa vipande vidogo. Butu unatoa unga. Mkaratusi uliokauka ni mgumu, na gome lenye mchanga linaua makali kwa dakika chache, basi piga tupa mara kwa mara. Halafu oili ya mnyororo: elekeza ncha ya upanga juu ya kisiki cheupe au karatasi, piga resi ya kati, uone kama unarusha mstari mwembamba wa oili. Hakuna mstari? Zima, safisha mfereji wa upanga na kitundu cha oili.

Kama mnyororo hauna kosa, basi mafuta hayafiki ya kutosha. Ndani ya tangi iko filta ndogo kwenye ncha ya mpira. Ivute nje kwa waya uliokunjwa, taratibu usitoboe mpira. Ikiwa nyeusi au ngumu, badilisha. Ni kitu cha bei ndogo. Huo mpira wenyewe ukipasuka, mashine inavuta hewa badala ya petroli, na utaona inazimika zaidi ukiilaza ubavu kukata chini ya mti. Angalia pia ekzosi: kwa mashine nyingi kuna kichungi kidogo cha waya cha kuzuia cheche, na oili nyingi inakiziba kwa masizi. Mashine isiyoweza kutoa moshi haiwezi kuvuta hewa mpya. Kisafishe kwa brashi ya waya na kukirudisha, hasa kiangazi ambapo cheche moja inatosha kuchoma shamba la mtu.

Inakwenda robo saa, inakufa, inapumzika, inawaka tena

Ugonjwa huu ndio unaowala watu pesa, kwa sababu fundi akiiwasha inawaka. Una sababu mbili kubwa.

Ya kwanza ni tangi kukosa pumzi. Petroli ikitoka, hewa lazima iingie mahali pake. Kitundu cha hewa kikiziba, tangi linajivuta ndani na karibureta haipati kitu. Kwa mashine nyingine kitundu kiko kwenye kifuniko, kwa nyingine ni kampira kadogo juu ya tangi. Jaribio lake: mashine ikifa, iweke chini, iache ipoe kidogo, kisha legeza kifuniko POLE POLE (tangi la moto linaweza kurusha petroli usoni). Ukisikia hewa inaingia, fyuu, na ukifunga ikawaka mara moja, umepata mgonjwa. Safisha hicho kitundu. Usifanye kazi na kifuniko kimelegea.

Ya pili ni koili. Ikipata moto inaacha kutoa cheche, ikipoa inarudi. Mashine ikifa, usisubiri: toa buji hapo hapo, panguza petroli yote iliyomwagika, chomeka buji nyingine kwenye waya wake, igusishe na chuma cha injini mbali na tundu na mbali na kidumu, mwenzako avute kamba. Hakuna cheche wakati wa moto lakini ipo ikipoa? Ni koili, karibureta haina hatia. Lakini kwanza fungua kifuniko cha kamba uone kama mapezi ya silinda yamejaa unga wa mbao, kwa sababu injini isiyopoa inachosha kila kitu.

Buji yenyewe inasema mengi. Rangi ya kahawia ni afya. Nyeusi na yenye maji-maji, mafuta au oili vimezidi, au filta ya hewa imeziba. Nyeupe ni hatari: injini ina njaa. Nafasi yake kwa Stihl nyingi ni milimita 0.5, kama unene wa kucha.

Na iko dalili moja ya kuzima mara moja bila majadiliano: mashine inapiga kelele juu yenyewe bila kubanwa, halafu inakufa. Mara nyingi hewa inaingia mahali pasipotakiwa, kwenye sili au mpira wa karibureta. Kila dakika unayoendelea nayo unachoma pistoni ya mwenyewe.

Mti uliokatwa nusu

Akina mama, hapa naongea na nyinyi hasa. Pawa ikizimika mti ukiwa umekatwa nusu, ndio wakati watu wanasogea, wanadhani kazi imesimama. Mti huo unaweza kuanguka kwa upepo tu. Watoto wanaookota matawi wakae mbali, angalau urefu wa miti miwili, mpaka uanguke. Na mwenye pawa asiinamie chini yake kutafuta skrubu. Atoke pembeni, atengeneze huko. Kujaza mafuta vilevile: injini imezimwa, hakuna sigara, na usogee hatua kama tatu au nne kutoka hapo kabla ya kuvuta kamba.

Jambo la ruhusa mnalijua. Ardhi ya settlement inasimamiwa na OPM, basi muulize mwenyekiti wa RWC na ofisi ya Komanda kabla ya kugusa mti. Kwa mwenyeji, ijulikane shamba ni lake kweli.

Kama unaikodi, iwashe mbele ya mwenyewe, ikae dakika kumi na tano, siyo mbili, na mtoe buji pamoja muone rangi yake. Andikeni kwenye karatasi kitu kipi kikiharibika analipa nani, shahidi awepo. Na ikibidi kupanda gari kwenda kwa fundi Mbarara, mwambie inazimika wakati gani, umeshaangalia nini, na kwamba kila kitu atakachobadilisha utaondoka na kile cha zamani mkononi.