Uvimbe, Kinundu na Chunjua: Kutambua na Kutibu Viota vya Mwilini kwa Samaki Mzee katika Kisii na Nyamira

Kiswahili kina maneno mengi ya kutajia kitu kinachojitokeza juu ya ngozi: uvimbe, kinundu, chunjua, jipu, sugu, upele, lengelenge. Msemaji hodari hayachanganyi anapomzungumzia binadamu. Mwenye chunjua kidoleni hadai kwamba ana jipu, wala aliyeota sugu kwa kushika jembe haendi kutafuta dawa ya upele. Lakini mgonjwa anapokuwa samaki, utajiri huo husahaulika ghafla. Chochote kinachoota juu ya magamba huitwa "uvimbe", na papo hapo dawa ya uvimbe huanza kutafutwa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kosa hilo la msamiati ni kosa la tiba pia, na kwamba samaki mzee ndiye anayeumia zaidi kwa sababu yake.

Wakazi wa Kisii na Nyamira hawana historia ndefu ya kuishi na samaki nyumbani. Neno enswe lipo katika Ekegusii, lakini kwa muda mrefu samaki alikuwa kitu cha kuletwa kutoka ziwani, akiwa amekaushwa au amekaangwa. Hali ilibadilika kwa kasi kuanzia mwaka 2009, serikali ilipoanzisha mpango wa kuchochea uchumi na kugharimia uchimbaji wa vidimbwi 200 katika kila mojawapo ya maeneo bunge 140 yaliyoteuliwa nchini. Hivi leo kituo cha Kegati cha Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya (KMFRI), kilichoko Kisii, kinajishughulisha na ufugaji wa samaki wa maji baridi. Sambamba na vidimbwi hivyo, matangi ya kioo yenye samaki wa mapambo, hasa samaki-dhahabu, yameingia sebuleni na katika vyumba vya mapokezi.

Hata hivyo, ujuzi wa kidimbwi hausaidii sana mbele ya tangi. Mfugaji wa ngege huwavuna samaki wake wakingali vijana, aghalabu kabla hawajatimiza mwaka. Hajawahi kumtazama samaki akizeeka. Samaki-dhahabu, kinyume chake, akitunzwa vyema hupita miaka kumi bila shida. Yuko mmoja wa Uingereza, aliyeitwa Tish, aliyekufa mwaka 1999 akiwa na umri wa miaka 43. Kwa hiyo mtoto wa Keroka au Nyansiongo aliyenunuliwa samaki akiwa darasa la kwanza huenda akamaliza shule ya upili samaki yungali hai, rangi imefifia, mwendo umepungua, na ubavuni pameota kitu ambacho hakuna mtu nyumbani anayeweza kukitaja jina. Samaki wa namna hiyo hana bei sokoni. Thamani yake ni ya miaka aliyoishi na watu, na ndiyo sababu pupa ya kumtibu huwa kubwa.

Utambuzi huanza kwa macho, wala si kwa mkono. Samaki asitolewe majini ili achunguzwe, kwa kuwa kumshika humwondolea ute unaoikinga ngozi yake. Atazamwe ubavuni mwa kioo, mchana, kwa kioo cha kukuzia kama kipo, na picha zipigwe kila baada ya siku chache kutoka upande uleule. Kasi ya kukua ni ushahidi mkubwa kuliko ukubwa wenyewe.

Hapa ndipo msamiati unapotumika. Kama kilichoonekana ni vidoto vyeupe vidogo mfano wa punje za chumvi, vilivyotapakaa mapezini na mwilini, huyo ni kimelea wa madoa meupe, naye huenea upesi. Lakini pana tahadhari: vidoto vigumu vilivyojipanga juu ya vifuniko vya matamvua na ukingo wa mbele wa mapezi ya kifuani kwa samaki-dhahabu dume si ugonjwa hata kidogo. Ni alama ya msimu wa kuzaana. Yamkini dume wengi wametiwa dawa kwa kosa la kuwa madume.

Kama ni utando mithili ya pamba, ni kuvu. Kuvu huota mahali palipokwisha kuharibika, kwa hiyo swali la kuulizwa ni kilichoijeruhi ngozi kwanza. Kama ni uzi mfupi uliochomoza katikati ya wekundu, huyo ni lernea, kimelea wa jamii ya kamba aliyejichimbia kichwa ndani ya nyama. Watu humwita mnyoo kwa umbo lake tu. Na kama samaki amevimba tumbo zima hadi magamba yakasimama, hapo ndipo neno "uvimbe" linapostahili kwa maana yake halisi, maana limetokana na kuvimba: maji yamejaa mwilini, na kasoro iko ndani, aghalabu katika figo au viungo vingine.

Chunjua ni jambo jingine. Kuna kirusi kiitwacho limfosistisi ambacho huzifanya chembe za ngozi zijae kupita kiasi hadi zionekane kwa macho matupu, zikijikusanya kama ua la koliflawa. Ilan Paperna aliandika mwaka 1973 juu ya ugonjwa huo katika samaki wa maziwa ya Afrika Mashariki, na jamaa za ngege ni miongoni mwa wanaoupata. Haujulikani kuwashika samaki-dhahabu wala kambare. Kwa hiyo aina ya samaki peke yake yaweza kulifuta jina la ugonjwa kabla hata ya hadubini kutumiwa. Koi, naye, ana kirusi chake kiletacho mabaka laini, kama matone ya nta yaliyoganda, ambayo hujitokeza maji yanapopoa na kupungua yanapopata joto. Virusi hivyo viwili havina dawa, na mara nyingi havihitaji. Chunjua hizo huweza kuondoka zenyewe baada ya wiki au miezi.

Kinundu ndicho kinachomhusu samaki mzee zaidi. Ni kitu kimoja, kigumu au cha kunyumbuka, kinachokua polepole chini ya ngozi, mara nyingi bila kumzuia samaki kula. Kwa samaki-dhahabu mwenye umri mkubwa, vinundu vya namna hii huwa ni uvimbe wa nyuzi za mwili au wa ala za neva. Vingi havisambai. Jina kamili hupatikana tu kipande kidogo kikikatwa na kutazamwa kwa hadubini, kazi inayomhitaji daktari wa mifugo aliyesajiliwa kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2011.

Kabla ya dawa yoyote kununuliwa, maji yachunguzwe. Mji wa Kisii uko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na sehemu kubwa ya Nyamira iko juu zaidi. Usiku maji ya tangi hupoa sana, na ubaridi huo hupunguza nguvu ya samaki kujikinga. Wengi hutumia maji ya mvua yanayokingwa kutoka paa la mabati. Ni maji safi, lakini yamepungukiwa madini, hivyo uchachu wake hubadilika ghafla. Katika maeneo ya majani chai, udongo wenyewe ni wenye asidi, ndiyo maana wenye vidimbwi hushauriwa kutia chokaa. Anayetumia maji ya mfereji, kwa upande wake, hukabiliwa na klorini. Maji hayo yaachwe wazi kwa siku nzima au yatiwe dawa ya kuiondoa klorini. Kubadilisha robo ya maji kila wiki na kupunguza chakula kumewaponya samaki wengi kuliko chupa yoyote ya duka.

Tiba hufuata jina. Lernea hung'olewa kwa kibano na mtu mwenye mkono mtulivu, kisha jeraha huangaliwa, na vichanga wake walioko majini hutafutiwa dawa kwa ushauri wa daktari. Kuvu nyepesi ya samaki-dhahabu huweza kusaidiwa na chumvi ya kawaida, kiasi cha gramu 1 hadi 3 kwa lita ya maji, ikitiwa kidogo kidogo. Kambare huhitaji uangalifu zaidi. Vidonge vya antibiotiki vya binadamu havifai kumwagwa tangini kwa kubahatisha. Havigusi virusi wala kinundu, ila vyaweza kuua bakteria wema wanaosafisha maji, na samaki akafa kwa amonia yake mwenyewe. Ikumbukwe pia kwamba rangi ya kijani ya malakaiti, inayotumiwa na wenye samaki wa mapambo dhidi ya kuvu, haifai kabisa kwa samaki atakayeliwa. Tangi na kidimbwi visichangie dawa, nyavu wala ndoo.

Kinundu kisichomsumbua samaki mzee kiachwe. Kukikata kwa wembe jikoni ni ukatili, hata kama nia ni njema. Upasuaji wa samaki upo, hufanywa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi huku maji yakipitishwa katika matamvua yake, lakini mzee hustahimili kwa shida, na kinundu huweza kurudi. Mizani ya uamuzi ni mambo matatu tu: je, anakula, anaogelea wima, na anapumua bila kuhema?

Yote matatu yakikoma, na daktari akakubali kwamba hakuna njia, bado kuna upole unaoweza kutendwa. Mafuta ya karafuu, zao linalojulikana vyema Unguja na Pemba, yana kemikali ya kumlaza samaki. Yakikorogwa kwanza katika maji ya uvuguvugu ndani ya chupa, kisha yakatiwa taratibu, samaki hulala. Kipimo kikiongezwa mno, haamki. Huachwa humo angalau dakika kumi baada ya matamvua kutulia. Kisha azikwe shambani, mbali na maji. Asitupwe mtoni, akiwa hai au akiwa amekufa, kwa kuwa Gucha na Sondu humwaga maji yake katika Ziwa Viktoria, na kirusi cha tangi moja la sebuleni hakina haja ya kufika huko.